Gladness Hajambo, Asante

Wadogo zangu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, mimi ni mstaafu. Najua mnacheka. Nina miaka kumi na saba na nusu, bado nasubiri cheti cha sekondari, na siku niliyostaafu sikupewa kiinua mgongo, wala saa ya ukutani, wala hata soda. Lakini mwalimu amesema aliyewahi kufanya kazi aandike kumbukumbu zake ziwafae wadogo, na mimi kazi nimefanya. Wakati wa korona, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, nilikuwa mwagizaji mkuu wa vyakula katika nyumba yetu ya kupanga hapa Burnsville. Mwagizaji mkuu, mwagizaji pekee, na kwa muda mrefu mwagizaji mbovu kuliko wote Minnesota.

Hali ilikuwa hivi. Mama yangu, Gladness, alikuwa amepandikizwa figo mwaka mmoja kabla. Figo ilimkaa vizuri, ila ili mwili usiikatae ilibidi anywe dawa za kupunguza kinga yake, asubuhi na jioni, siku zote za maisha. Kwa hiyo mafua ambayo kwangu ni wiki ya kamasi, kwake ni kulazwa. Korona ilipoingia daktari wake alimpigia simu akamwambia neno moja: usiingie dukani. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anakaa wiki tatu barabarani, na kipindi kile akirudi alilala ndani ya lori, akaja chini ya dirisha letu kutupungia mkono kama mgeni wa rais. Nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Gari siendeshi, lakini hiyo haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba siongei.

Mimi ni mtu wa daftari. Mambo yangu nayaandika kwa sababu kuyasema nashindwa. Mwalimu akiita majina darasani naanza kutokwa jasho akiwa bado kwenye herufi D. Juu ya hayo wazazi wangu wametoka Moshi, na Moshi wanavyotoa majina mnajua: mama ni Gladness, mimi ni Happiness. Nyumbani ni majina ya kawaida kabisa. Sasa jaribu kumpigia Mmarekani simu umwambie, "Hallo, naitwa Happiness, napiga kwa niaba ya Gladness, ambaye ni mgonjwa." Wa kwanza alikata. Wa pili aliniuliza kama ninapiga kutoka kanisani.

Basi kazi yenyewe. Duka letu lilikuwa linaleta vyakula mlangoni ukiagiza kwenye simu. Vyakula vilikuwepo, ila nafasi za kuletewa ndizo zilikuwa hazipatikani. Unajaza kikapu, mchele, maziwa, kabichi, unafika mwisho uchague siku ya kuletewa, unakuta Jumatatu imejaa, Jumanne imejaa, wiki nzima imejaa. Watu wote wa Minneapolis na Saint Paul, na sisi wa pembezoni, tulikuwa tunagombania nafasi zilezile. Nikaja kugundua kwamba nafasi mpya zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na zinakaa kama dakika mbili hivi. Kwa hiyo jaza kikapu chako tangu jana yake. Anayeanza kuchagua vitunguu saa kumi na mbili kamili ameshashindwa.

Kuhusu vitunguu. Kwenye kisanduku cha idadi niliandika kumi, nikiwa na maana vitunguu kumi. Kumbe kinachohesabiwa ni kifuko cha ratili tatu. Vikaja vifuko kumi. Mama akavisimamia, mikono kiunoni.

"Happy, tunafungua mgahawa?"

"Nilidhani ni kimoja kimoja," nikamjibu kwa Kiingereza. Enzi hizo nilikuwa namsikia kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza, kama mnavyofanya ninyi sasa, msinidanganye.

"Haya. Chukua kisu."

Wiki iliyofuata nikajirekebisha. Nilitaka kichane kimoja cha ndizi, nikaandika moja. Ikaja ndizi moja, imelala peke yake chini ya mfuko mkubwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Halafu unga. Duka likiishiwa na kitu, anayekuchagulia vyakula anakuletea kinachofanana nacho. Kwa macho yake. Niliagiza unga wa mahindi mweupe, akaniletea paketi tatu zenye picha ya mahindi, mimi nikaridhika. Maji yalipochemka mama akamwaga unga, nyumba nzima ikanukia vanila. Akasonga tu, maana Mchaga hatupi chakula. Ukaumuka. Nawaambia ugali uliumuka, ukapanda ukingoni mwa sufuria. Mama akaonja kwa ncha ya kidole.

"Huu si ugali," akasema. "Hii ni bethdei."

Tangu siku ile naandika maelezo kana kwamba anayesoma hajawahi kuona chakula: unga mweupe, mkavu, usio na sukari, usio wa keki, ukikosekana usilete chochote. Andika hivyo na ninyi. Maneno "usilete chochote" yana thamani kubwa, na nilijifunza kuyaandika kwa aibu.

Aibu yenyewe ni hii. Mchaguzi akiwa dukani anakutumia ujumbe, na una dakika chache za kujibu. Mimi nilikuwa naogopa kumsumbua mtu anayehatarisha maisha yake kwenye rafu za maziwa kwa ajili yangu, kwa hiyo kila alichouliza nilijibu ndiyo, asante. Siku moja akaandika: machungwa hakuna, nikuwekee mabalungi? Ndiyo, asante. Yakaja mabalungi manne makubwa. Mama akayafurahia sana, akalikata moja katikati, akalinyunyizia sukari, akashika kijiko. Mimi nimesimama mbele ya friji nikitafuta maziwa, macho yakaangukia karatasi ya hospitali tuliyoibandika mlangoni. Mstari wa tatu: mgonjwa asile balungi, linagombana na dawa za figo. Nililipiga lile balungi kwa kiganja, likaruka mpaka kwenye kochi.

"We mtoto una wazimu?"

Nikaonyesha karatasi kwa kidole. Mama akasoma, akaweka kijiko chini taratibu, akacheka mpaka akashika upande wenye figo mpya. Mimi niliingia chooni nikalia. Nilikuwa nimekaribia kumuumiza mama yangu kwa sababu nilimwonea haya mtu nisiyemjua asije akaniona msumbufu.

Sasa ile orodha. Duka lilikuwa na orodha ya kipaumbele, nafasi za asubuhi zilizotengwa kwa wazee na kwa wagonjwa wa kudumu. Ukiwa humo hugombanii tena. Ili kuingia lazima upige simu, kisha wao wanampigia mgonjwa mwenyewe kuhakikisha. Nikajiandaa siku tatu. Niliandika maneno yote kwenye daftari, mpaka mahali pa kupumzika. Simu ilipopokelewa nikasoma: "Hallo, naitwa Happiness, vuta pumzi, napiga kuhusu orodha ya kipaumbele, usiharakishe." Mhudumu akaniambia hana haraka yoyote, mpenzi. Nilisoma mpaka mwisho. Akaliandika jina la mama. Nikajiona nimeshinda uchaguzi.

Siku mbili baadaye simu ya mama ikalia, akaipokea jikoni, nami nikamsikia anacheka. Nikafurahi. Aliyepiga alikuwa kijana wa dukani, ana haraka zake. Mazungumzo yenyewe, ambayo yalikuwa kwa Kiingereza, kama mama alivyonisimulia bila hofu yoyote, yalikwenda hivi:

"Gladness, hujambo leo?"

"Sijambo kabisa, asante, tunamshukuru Mungu. Na wewe?"

"Niko vizuri. Hapo nyumbani kila kitu sawa?"

"Kila kitu salama, baba."

"Kwa hiyo huna tatizo linalohitaji msaada maalumu?"

"Hapana, Mungu ni mwema. Mama yako hajambo?"

Akaaga. Tukatolewa kwenye orodha kabla hatujaingia.

Mimi nilikuja kujua asubuhi iliyofuata, nilipofungua simu nikakuta wiki nzima imejaa kama kawaida, na ujumbe mfupi kwamba mteja amethibitisha hana uhitaji.

"Mama, ulimwambia uko salama?"

"Si aliniuliza hujambo? Nikamwambia sijambo."

"Ulitakiwa useme unaumwa!"

"We Happy. Mtu anakusalimia, hamjajuana hata kidogo, unamtupia ugonjwa usoni? Unasema sijambo kwanza. Akitaka kujua si atauliza tena? Hapo ndipo unamwambia, sijambo, ila mguu. Sijambo, ila usingizi. Yule hakusubiri ila yangu. Angeisikiaje?"

Nilimkasirikia, lakini kwa Kiingereza, kimoyomoyo. Nikajaribu kupiga tena, nikasikia muziki wa kusubiri, nikakata. Kesho yake hivyohivyo. Naandika ukweli kwa sababu ninyi bado wadogo na mnaweza kupona: nilikata simu ile mara sita kwa sababu niliona aibu kumwambia mtu kwamba kosa limetokea. Kila asubuhi nikagombania nafasi, nikakosa. Siku kumi zikapita. Jikoni pakabaki mchele, nusu kabichi, na vitunguu, ambavyo kama mnavyojua havikuwa tatizo. Mama alikuwa ananipakulia, kisha anasema yeye ameshakula wakati anapika.

Siku ya kumi na moja, mchana, nimekaa mezani na shule ya kwenye kompyuta, nikasikia funguo. Mama alikuwa mlangoni. Amevaa koti la baridi, barakoa mbili, na glovu zake za njano za kuoshea vyombo. Kiatu kimoja mguuni.

"Nakwenda mara moja tu. Dakika ishirini."

"Daktari alisema—"

"Daktari anakula wapi leo?"

Mtu jasiri angesimama mlangoni akanyoosha mikono. Mimi nilikwenda nikakalia kiatu cha pili.

"Toka kwenye kiatu changu."

Nikatikisa kichwa.

"Happiness, nimesema toka."

Nikatoa simu mfukoni, nikapiga, nikiwa palepale juu ya kiatu. Daftari lilikuwa mezani. Muziki wa kusubiri ukaanza. Mama alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, akachoka, akakaa sakafuni na koti lake, tukausikiliza muziki ule pamoja mpaka tukaujua. Akapokea mwanamke mtu mzima, sauti nzito, akasema anaitwa Marlys.

"Naitwa Happiness," nikasema.

"Jina zuri."

"Mama yangu anaitwa Gladness."

"Haya sasa."

"Ana figo ya kupandikizwa. Mlimtoa kwenye orodha kwa sababu alisema hajambo."

Nikamsikia anabonyeza bonyeza. "Naona hapa, mteja anasema hana tatizo. Sasa utaratibu ni kwamba lazima nimsikie mwenyewe, mpenzi. Nipe niongee naye."

Na hapo, wadogo zangu, bila daftari, bila pumzi, nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mgeni. "Nitampa simu, lakini atakwambia hajambo. Usimwamini. Kwetu jibu la kwanza ni salamu tu. Tafadhali muulize mara ya pili."

Nikajua atakata. Kisha nikasikia anacheka puani, taratibu.

"Mama yangu mimi ni wa shamba, huko kaskazini," akasema. "Alivunjika nyonga, tukamkuta sakafuni, akatuambia si mbaya sana. Mpe simu mama yako."

Nikaiweka simu sakafuni katikati yetu, sauti juu.

"Gladness, hujambo?"

"Sijambo kabisa, asante, tunamshukuru Mungu," mama akasema kupitia barakoa mbili. "Na wewe?"

"Sijambo. Gladness, nakuuliza tena. Hujambo?"

Mama akanitazama. Akavua glovu moja, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya goti.

"Sijambo," akasema. "Ila..."

Ile ila ilikuwa ndefu. Alisema habari za figo, na idadi ya vidonge. Alisema asubuhi mikono inamtetemeka kwa dawa, hawezi kumimina chai bila kuimwaga, ndiyo maana anamwambia mtoto amimine. Mimi nilikuwa nadhani ananifundisha heshima. Alisema anakula kidogo ili cha mtoto kitoshe. Alisema haogopi kufa kama anavyoogopa kuanguka mchana mume wake akiwa barabarani, kwa sababu mtoto wake haongei, na hajui kama ataweza kupiga simu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Tulikuwa tunaishi humo mimi na yeye, saa ishirini na nne, miezi, na hayo yote niliyasikia kupitia huduma kwa wateja. Kila asubuhi nilikuwa namuuliza kama yuko sawa, anasema yuko sawa, naondoka na simu yangu kwenda kumtafutia nafasi. Nilikuwa na haraka kuliko yule kijana wa dukani.

"Nimekuandika," Marlys akasema mwishoni, sauti yake imepungua uzito. "Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Na leo jioni kuna mtu ameghairi, nakupa nafasi yake. Na Gladness, huyo mtoto wako ameweza kupiga."

"Asante, mama. Na wewe," mama akasema, "nakuuliza tena. Hujambo?"

Marlys naye alikuwa na ila yake. Sitaiandika, si ya kwangu. Mimi nilibaki nimekalia kiatu mpaka mguu ukafa ganzi.

Jioni ile mleta vyakula alipoweka mifuko mlangoni na kurudi nyuma, mama alimpungia dirishani akapiga kelele, "Karibu ndani! Karibu chai!" Katikati ya korona. Nikavuta pazia. Kisha tukafungua mifuko, na kila kitu akakipangusa kwa sabuni, pamoja na mkate, ambao haukuwa kwenye karatasi. Kumbukeni hilo pia: mkate haupanguswi.

Nilistaafu Jumamosi moja baada ya mama kupata chanjo na daktari kumpa ruhusa, duka likiwa halina watu. Aliandika orodha mwenyewe, akaendesha gari mwenyewe. Aliporudi akaweka mfuko mezani, akatoa vitunguu kimoja kimoja mbele yangu, akihesabu kwa sauti. Vilikuwa kumi. Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa.

Ninyi mnaowapigia wazazi wenu simu za benki, za umeme, za kliniki, kazi yangu mmeirithi, na mtakosea kwa njia zenu. Sina hekima nyingi ya kuwaachia zaidi ya mkate na maneno "usilete chochote". Ila niseme kilichotokea wiki iliyopita, halafu niwaache.

Kila siku nikirudi shule mama ananiuliza habari za shule, na mimi kila siku najibu neno moja la Kiingereza, fine. Naye kila siku ana jibu lake: "Nani kakupiga faini?" Tumeuzoea utani huo, tunapita. Wiki iliyopita nilirudi, mama yuko jikoni anakaanga, mkono wake unatetemeka kidogo juu ya mwiko kama kawaida ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

"Habari za shule?"

"Fine."

Nikasubiri faini yangu. Haikuja.

"Happy," akasema, bila kugeuka. "Nakuuliza tena."

Kuna jambo ambalo lilikuwa kwenye daftari tu, kurasa nyingi, kwamba tangu mwaka wa shule uanze nakula chakula cha mchana maktaba, peke yangu, nyuma ya rafu za ramani, kwa sababu sijui nikae meza gani. Nilishika mlango wa chumba changu. Begi lilikuwa zito begani.

"Sijambo," nikamjibu, kwa Kiswahili. "Ila..."

Mama akazima jiko, vitunguu vikiwa bado vibichi, akanivutia kiti.